Makalio Imara ya Kitheka

Kwa miaka sita hakuna mtu hata mmoja sokoni Tulia aliyemwambia Kitheka ukweli kuhusu kibao chake. Kilikuwa kipande cha bati kilichopigiliwa misumari juu ya mlango wa karakana, na juu yake, kwa rangi nyekundu na kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika: MAKALIO IMARA YA KITHEKA.

Kitheka ni fundi wa vigoda vya miguu mitatu, vile ambavyo wazee wa Ukambani walitembea navyo kwapani kwenda kwenye vikao. Anavichonga kutoka kwenye gogo moja la mukau, mti mgumu wa nyikani, bila msumari wala gundi, kwa tezo aliyorithi kwa babu yake, na akimaliza kuvipiga msasa huvipamba ukingoni kwa waya mwembamba wa shaba. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Jumapili. Kiswahili alikisomea kwa mwalimu aliyekuwa akikifundisha kwa Kikamba. Alijua kwamba kitu cha kukalia huitwa kikalio. Alipofika kwenye wingi alifikiri kidogo akiwa na brashi mkononi, kisha akaamua kwamba "ma" inatosha. Pande zile wingi hauwanyimi watu usingizi. Wanasema mavitu, wanasema mambuzi, na wanaelewana vizuri kabisa.

"Kitheka, hebu nionyeshe makalio yako," wateja walikuwa wakimwambia.

"Chagua, mama. Makubwa yako huko nyuma."

Hapo soko zima lilicheka, na Kitheka akacheka pamoja nalo, akiamini kwamba huo ndio uchangamfu unaokuja na biashara nzuri. Wasafiri walisimamisha magari wakapiga kibao picha kwa simu zao. Mchungaji wa kanisa lao aliagiza vigoda kumi na viwili kwa ajili ya wazee wa kanisa, na alipokuwa akiagiza aliangalia chini muda wote. Kitheka alidhani ni unyenyekevu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Ndunge, mama mkwe wake, aliteremka kutoka vilima vya Mbooni mwaka ule Kitheka alipomwoa Muthoki, na kyondo, kikapu cha kusuka kwa mkonge, cha parachichi mgongoni, kuja kuona binti yake anaishi wapi. Alishuka sokoni. Akauliza kwa fundi Kitheka ni wapi, akaonyeshwa. Akainua macho akasoma, maana Ndunge ni katibu wa akina mama kanisani na anasoma kila kitu, hata karatasi iliyofungiwa chumvi. Alipomaliza kusoma alijifunika uso kwa leso, akamwachia muuza nyanya kile kyondo, akapanda gari lililokuwa likirudi. Kwa binti yake alisema kichwa kilimuuma njiani. Hakukanyaga Tulia tena. Muthoki akitaka kumwona mama yake, alipanda yeye Mbooni, magari mawili na pikipiki moja.

Kitheka alikata shauri kwamba mama mkwe ameidharau kazi yake. Halikuwa jambo la kuuliza. Wakamba wanaiita nthoni, ile heshima iliyo nusu yake aibu, inayokaa katikati ya mwanamume na mama mkwe wake kama ukuta. Hawaangaliani machoni. Hawapeani mkono. Hawali sahani moja, na sehemu fulani za mwili hazitajwi wakiwa wote wanasikia, hata ikiwa nyoka ameuma hapo. Anayeuvunja ukuta huo hulipa mbuzi. Basi Kitheka alinyamaza, akachonga, na mara mojamoja, akiwa peke yake na harufu ya mukau mbichi, aliangalia mikono yake akajiuliza ina kasoro gani.

Mwaka wa sita Muthoki akashika mimba. Kabla ya hapo kulikuwa na nyingine iliyotoka ikiwa changa, jambo ambalo wawili hao walilibeba bila kulisema. Kwa hiyo hii waliitunza kama watu wanaovuka mto na taa. Kitheka alimchotea maji, akafua, akakataza kuku wasiingie jikoni wasije wakamkwaza. Mwezi wa nane ulipoingia, muuguzi wa zahanati alimwambia Muthoki, "Safari ijayo uje na baba mtoto. Nina neno nanyi wawili."

Muuguzi huyo ni Nasima, aliyezaliwa mjini Kitui katika ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani. Huzungumza Kiswahili kilichonyooka, cha nyumbani, na kila asubuhi hupita mbele ya karakana ya Kitheka akienda kazini. Siku waliyokwenda wote wawili alimpapasa Muthoki tumbo kwa vidole vya polepole, juu, chini, kisha juu tena, akaiangalia picha ya tumbo iliyopigwa mjini. Akamgeukia mume.

"Baba, mtoto wenu ametanguliza makalio."

Kitheka akatabasamu kwa fahari. "Yangu?"

"Yako vipi?"

"Makalio hapa Tulia ni mimi natengeneza, sista. Hakuna mwingine. Kama mtoto anataka, nitamchongea dogo. Na nyinyi hapa mnataka mangapi? Naona watu wamesimama huko nje."

Muthoki, aliyekuwa amelala kitandani, alivuta leso polepole hadi ikamfunika uso. Tumbo lote likaanza kutikisika. Nasima alimkodolea fundi macho. Kwa miaka miwili alikuwa akipita chini ya kile kibao akiamini kwamba mwenyewe ni mtani hodari.

"Ngoja, Kitheka," alisema, akaketi. "Kitu kimoja cha kukalia kinaitwaje?"

"Kikalio."

"Sawa kabisa. Vikiwa viwili?"

"Makalio."

"Vikalio, baba. Vi. Kiti, viti. Kikombe, vikombe. Kikalio, vikalio."

Kitheka alilionja neno kimoyomoyo. "Na makalio sasa ni nini?"

Nasima ana adabu za kwao. Hakujibu kwa mdomo. Alipiga kofi dogo kwenye kiti alichokalia, kisha akajipiga kofi dogo pale ambapo mtu hukutana na kiti.

Mbele ya macho ya Kitheka miaka sita ikapita kama maandamano: wateja, wasafiri na simu zao, kwaya iliyosimama kuimba chini ya kibao, mchungaji aliyeangalia chini. Mwishoni kabisa mwa maandamano hayo alikuja mama mmoja na kyondo cha parachichi.

"Mama yako," alisema kwa sauti ndogo.

"Amefanya nini?" Muthoki alichungulia kutoka kwenye leso.

"Alikuja akasoma."

Kicheko cha Muthoki kikakatika. "Woi! Kumbe kichwa hakikumuuma!"

"Wewe ulikuwa unajua hilo neno?"

"Si nilidhani unajua! Nilidhani ni mambo ya biashara. Kila mtu anacheka, na wewe unacheka!"

Nasima aliwaacha mpaka wakatulia, kisha akawarudisha kwenye lililowaleta. Aliongea bila haraka. Mtoto amekaa ndani kama mtu aliye kwenye kigoda, kichwa juu. Bado ana majuma ya kugeuka, na wengi hugeuka. Asipogeuka, kwa kuwa hii ni mara yake ya kwanza kuzaa, daktari wa mjini atapenda kumtoa kwa upasuaji, siku iliyopangwa, mchana. "Kichwa ndicho kikubwa kuliko vyote," alisema. "Kikija mwisho kinaweza kukwama, na ukiwa kijijini hapo hatuna muda. Kwa hiyo nyumbani hapana. Juma moja kabla ya siku muwe tayari mjini, ng'ambo ya mto, mvua isije ikawakuta huku. Tafuteni gari linaloaminika. Tafuteni mtu wa kutoa damu. Na maji yakivunjika kabla ya siku, msingoje, njooni hapo hapo."

Kitheka alikuwa akihesabu kwa vidole ili asisahau. Muthoki hakuwa akihesabu kitu. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Kisu," alisema. "Mimi kisu sikiwezi, sista."

"Utalala usisikie maumivu."

"Hata. Bila mama yangu siendi. Mama akiwa hapo, akinishika mkono, nitalala popote mnaponiambia. Bila yeye nitazaa kwangu, liwe liwalo."

Jioni hiyo alimpigia mama yake simu. Ndunge alimsikiliza, akasema angekuja, lakini ana kuku wanaolalia mayai. Siku tatu baadaye ilikuwa maharagwe. Halafu magoti. "Njoo wewe Mbooni," alisema. "Huku kuna baridi nzuri." Muthoki alikata simu akamwangalia mumewe. Kati ya mtoto na hospitali palikuwa na herufi mbili za rangi nyekundu.

Kesho yake Kitheka alipanda ngazi na kopo la rangi. Kufuta MA na kuandika VI kulikuwa rahisi. Lakini alipofika kwenye YA alikumbuka kwamba Nasima alimwambia hiyo nayo itafuata, na nafasi ya VYA haikuwapo, ikambidi aiandike ndogo, imebanwa kama abiria wa tatu kwenye pikipiki.

Soko lilikusanyika kama kwenye msiba.

"Fundi, mbona unaharibu?" alilalamika Musyoka, mwenye gari la proboksi lililobeba watu na mbuzi bila ubaguzi. "Hiyo ndiyo alama ya mji. Mimi wateja nawaambia, teremka kwa makalio."

"Wewe ulijua, Musyoka?"

"Nani hakujua?"

"Na ukanyamaza miaka sita."

"Ulikuwa unauza," alisema Musyoka. "Nikuharibie?"

"Basi adhabu yako ni hii. Utatupeleka mjini, gari iwe imejaa mafuta kuanzia leo, na utatoa damu."

Musyoka alifikiria. "Damu kiasi gani?"

"Miaka sita."

Jumamosi Kitheka alinunua mbuzi jike mweupe mwenye sikio moja jeusi, akambeba hadi Mbooni. Pikipiki ya mwisho ilipanda njia ya mlimani ikilia kama mtu anayesukumwa, mbuzi katikati, na huku na huku mashamba yakiwa yamening'inia kwenye miteremko, mahindi, maharagwe, miparachichi iliyoinamia barabara kwa uzito. Kitheka hakuona hata kimoja. Alikuwa akitafuta maneno. Angesemaje samahani kwa neno ambalo hawezi kulitaja, kwa mtu asiyeweza kumwangalia?

Ndunge alikuwa jikoni. Aliposikia sauti yake hakutoka, kama inavyotakiwa. Kitheka aliketi nje, akaupa ukuta wa jikoni mgongo. Wakasalimiana kupitia matofali, wakaulizana mvua, wakaulizana ng'ombe. Mbuzi akalia.

"Huyo ni nani?" Ndunge aliuliza.

"Ni mbuzi, mama."

"Wa nini?"

"Wa yale maandishi."

Ndani, mwiko ulisimama kwenye sufuria. "Maandishi yapi?"

"Yale, mama."

"Ala."

"Nimeyabadilisha. Sikujua maana. Nilidhani ni wingi wa… wingi wa kigoda."

Mbuzi akaanza kula kamba yake. Kisha kutoka jikoni ikasikika sauti kama ya chungu kinachochemka na kifuniko kimekazwa. Kitheka alichukua muda kuelewa kwamba mama mkwe wake anacheka. Alicheka akanyamaza, akaanza upya, akapiga ukuta kwa kiganja.

"Wingi wa kigoda! Na mimi miaka sita naomba Mungu amsaidie binti yangu, nikidhani ameolewa na mhuni!" Akapenga kamasi. "Sasa niambie. Muthoki hanielezi vizuri, analia tu kwenye simu. Mtoto yukoje huko ndani?"

Ukuta ukasimama tena palepale. Neno la muuguzi lilikuwa lilelile lililomleta Kitheka na mbuzi. Aliangalia kulia, aliangalia kushoto, akaona kigoda alichokikalia, cha kizamani, cha marehemu baba mkwe.

"Amekaa, mama," alisema. "Kama mzee kwenye kigoda. Ameketi kabisa, anangoja kikao kianze."

Jikoni kicheko kilikuwa kimekwisha. Sauti iliyokuja ilikuwa ya chini.

"Hata mama yake alikuja amekaa. Muthoki. Hapa hapa, kwenye chumba hicho cha nyuma. Nililala nikiwa mtu wa kufa siku mbili, na wanawake wamenishika huku na huku. Sikumwambia kamwe. Kwa nini nimwambie?" Mwiko ukaanza kuzunguka tena polepole. "Hao madaktari wana siku, wana mchana, wana dawa ya kulaza maumivu. Na yeye ananiambia anaogopa kisu. Nitakuja. Kuku watajilalia wenyewe."

Alikuja Alhamisi iliyofuata. Aliposhuka sokoni alisimama mbele ya karakana mchana kweupe, akasoma kibao kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayekagua daftari la kanisa: "Vikalio. Imara. Vya. Kitheka." Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kwa binti yake. Usiku huo kupitia pazia Kitheka alisikia akimsimulia Muthoki zile siku mbili, polepole, bila kuacha kitu. Alisikia mkewe akilia, halafu akamsikia akiuliza, "Na hospitali watu wanavaa nini?"

Majuma yaliyobaki yalikuwa ya kazi. Muthoki alipiga magoti asubuhi na jioni, kichwa chini, kama alivyoonyeshwa na Nasima, ili kumpa mtoto nafasi ya kugeuka. Kitheka alichutama karibu na tumbo akamsihi mgeni: "Inuka, mwenyekiti. Kikao kimekwisha." Mgeni alipiga teke mbavuni mwa mama yake akabaki alipokuwa. Ndunge alipanga mfuko, akaupangua, akaupanga tena: leso nne, sabuni, kofia ya sufi, unga wa uji. Sokoni wakasema mtoto wa fundi wa viti atafanya nini kingine zaidi ya kukaa, na safari hii Kitheka alicheka akijua anachochekea.

Picha ya mwisho ilionyesha mtoto ameketi vilevile. Daktari akaandika Jumanne, saa tatu asubuhi. Juma moja kabla, Musyoka akawavusha mto ukiwa bado mchanga mtupu, wakafikia kwa Mutiso, binamu wa Kitheka, nyuma ya soko la Kitui. Siku mbili baadaye mvua ilinyesha bondeni kote na mto ule ukashuka mwekundu, umejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Kitheka alipopata habari alienda nyuma ya nyumba akasimama peke yake kwa muda mrefu.

Jumanne, Muthoki alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake, hadi kwenye mlango ambao ndugu hawapiti. Hapo Ndunge aliinama akamwambia sikioni kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Muthoki akacheka. Akaachia mkono mwenyewe.

Mabenchi ya ukumbini yalikuwa yamejaa. Musyoka, aliyetoa damu tangu jana yake na kumweleza kila aliyepita, alikuwa amelala kwenye moja. Kitheka alikuwa amekuja na kigoda kwapani, kipya, cha mukau, chenye mviringo wa shaba ukingoni. Hakuweza kumkabidhi mama mkwe mkononi. Alikiweka chini katikati yao, akasogea nyuma hatua tatu, akageukia dirisha. Akasikia leso ikisugua mbao. Ndunge alikuwa amekaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, mama yule alikuwa ameikalia kazi ya mikono yake.

"Hakiyumbi," Ndunge alisema, akiliambia dirisha la upande wa pili.

"Asante, mama."

Dakika zikapita kama wazee wanaopanda mlima. Kisha mlango ukafunguka na muuguzi wa mle ndani akachungulia, barakoa kidevuni.

"Wa Muthoki? Mama mzima, mtoto mzima. Msichana. Amelia mara tu kichwa kilipotoka."

Ndunge aliruka kutoka kwenye kigoda, mikono juu. "Makalio yalitangulia kweli?" alipaza sauti. "Makalio?"

"Yalitangulia, mama."

"Makalio!" Ndunge aliutangazia ukumbi mzima, na vigelegele vikafuata, watu wakageuka, Musyoka akaamka akidhani wako Tulia.

Halafu akakumbuka ni nani yuko nyuma yake. Mikono ikashuka. Leso ikapanda usoni.

Kitheka alikuwa ameliegemea dirisha kabisa, mabega yakimtikisika, machozi yakimchirizika mpaka kidevuni.

"Mimi sikusikia kitu, mama."

"Umesikia," ilisema leso. "Ukumbi wote umesikia. Nina mbuzi wako."

Siku ya tatu, katika nyumba ya Mutiso, Ndunge alimpokea mtoto mikononi akampa jina. Alimwita Mwikali, jina ambalo Wakamba hulitoa hivi hivi bila kulifikiria, na ambalo maana yake ni yule akaaye. Mtoto alipiga mwayo.

Na mto ulipopungua, wakarudi Tulia. Nje ya karakana, amefungwa kwenye mguu wa meza ya muuza nyanya, walimkuta mbuzi jike mweupe mwenye sikio moja jeusi, ametumwa kutoka Mbooni na gari la mapema kwa agizo la Ndunge. Alikuwa akiutafuna mkanda wa kile kyondo cha parachichi.